Msitu Uliosuguliwa

Watu wa kijiji cha Podstene wana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni usafi. Kuni huzipanga ukutani kwa unene, kila gogo na mwenzake wa kimo chake, na ukimkuta mtu anafagia barabara ya umma mbele ya nyumba yake usidhani analipwa. Kwa hiyo iliposikika kwamba mkaguzi wa mazingira anatoka mji mkuu kuja kuutazama msitu wao wa juu, hakuna aliyeuliza la kufanya. Walichukua brashi za waya, visu vya kukwangulia na ndoo za maji ya magadi, wakapanda mlimani kuusafisha msitu.

Aliyewaita ni Bogdan Sterle, mwenyekiti wa chama cha wategaji polhi. Polhi ni mnyama wa mitini, nusu panya nusu kindi, ana macho makubwa na mkia wa manyoya, hulala miezi mingi kuliko anayokesha, na akiamka hula mbegu za mibukva, ile miti mirefu ya mlimani, mpaka anakuwa mviringo. Podstene humwambii mtu kitu juu ya polhi. Wanamla kwa viazi, wanavaa ngozi yake kichwani, wanajipaka mafuta yake kiunoni, na mwanachama akifa ni wategaji ndio wanaobeba jeneza. Wanamla na wanampenda, na ukiwauliza mambo hayo yanakaaje pamoja watakuona wewe ndiye mwenye matatizo.

Kila ukoo una shimo lake msituni, shimo la mawe linaloshuka wima mpaka kusikojulikana, na polhi huingia humo vuli kwenda kulala. Shimo la akina Sterle ndilo refu kuliko yote, na kwenye ukingo wake umesimama mbukva mmoja mzee ulioinama kama mtu anayechungulia. Ndani ya shimo hilo yumo Jošt, mtoto pekee wa Bogdan.

Jošt alikuwa anapenda mashimo kuliko wasichana. Aliingia kwa kamba siku ya theluji kuyeyuka, maji yakaja, na waokoaji waliposhuka walikuta kofia yake ngumu tu. Maji yalikuwa yamempitisha kwenye nyufa ambazo hata paka haingii. Mwaka wa tatu sasa. Makaburini hana kitu, kwa sababu padri alisema jiwe bila mwili ni uongo uliochongwa.

Ndipo baraza la wilaya likaigawa ile mibukva yote kwa kampuni ya kuchimba mawe. Miti ikatiwa alama ya rangi ya buluu, mstari ukalizunguka eneo lote, na shimo lingejazwa kifusi ili malori yapite juu yake. Bogdan alizunguka ofisi mpaka viatu vikalia. Huku wakamwambia kaburi ni lile lililo makaburini, kule wakamwambia mwili haujaonekana. Karani mmoja, wala si mtu mbaya, alimsindikiza mpaka ngazini akamwambia, "Mzee, sheria ina kifungu cha mnyama na kifungu cha mmea. Kifungu cha baba hakuna. Tafuta kiumbe kilicho hatarini ndani ya ule mstari wa buluu, kazi itasimama. Pasipo hicho, usijisumbue kuja."

Alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Slavka, anamenya viazi. Akamweleza kila kitu. Slavka hakuinua kichwa.

"Wakimwaga mawe, baba," akasema, "watanikuta mimi niko chini."

Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Bogdan alikuwa ameishi naye miaka mingi, akajua kwamba huyu hatishi. Tangu usiku ule alikuwa akilala na mkono wake mmoja juu ya shuka la mkewe, akiamka kila likitikisika.

Kiumbe kilicho hatarini! Bogdan alikuwa nacho. Nani asiyemjua polhi? Akaandika kwa idara ya mazingira kwamba msitu wao ndio nyumba ya polhi, wakamjibu kwamba mtu atakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku mbili wanaume wa chama walisugua mibukva ndani ya mstari, kuanzia mizizi mpaka pale mkono wa mtu aliyepanda ngazi unapofika. Walikwangua kuvu, wakabandua ukoga, wakakusanya majani. Kulikuwa na kitu kimoja hasa kilichowachukiza, madude mapana ya kijani yenye mikunjo na vibonde, yaliyoning'inia kwenye magome kama ngozi inayobanduka. Lojz Truden, mkata miti, jirani na rafiki wa Bogdan tangu wakiwa na kamasi, aliyaita upele.

"Mti wenye upele hivi," alisema, "mkaguzi ataona tunaishi na wagonjwa."

Mbukva wa pale shimoni hawakuugusa, maana ulikwisha safishwa. Kwao kila vuli, kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu husugua makaburi ya wafu wao mpaka mawe yanang'aa, na jirani hupita akikagua. Slavka hakuwa na jiwe, basi aliusugua ule mti. Alipiga magoti na brashi na magadi, akausugua upande wote unaofikika, akimwongelesha Jošt, ukawa mweupe kama mfupa. Takataka zote za msitu walizikusanya, wakazichoma jioni. Msitu ukabaki safi. Wallahi hujapata kuona msitu safi hivyo, na ulikuwa unatisha kidogo, lakini nani angesema?

Mkaguzi alifika asubuhi yenye ukungu baada ya mvua. Alikuwa mwanamke kijana, jina lake Nives, amevaa buti za kazi na kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni karibu na kamera. Wanaume walijipanga wamevaa kofia za polhi. Slavka alibaki nyumbani kupika, kwa kuwa mgeni hawezi kuondoka Podstene na njaa.

Bogdan alimwonyesha kila kitu: maganda ya mbegu yaliyotafunwa, matundu ya mitini, kinyesi, hata polhi mmoja mzima aliyelala ndani ya sanduku, amejikunja amejifunika mkia. Nives alitabasamu, akamgusa kwa kidole kimoja. Halafu akaacha kutabasamu, akawa anatazama miti.

"Bwana Sterle," akasema, "huyu mnyama wenu ni mzuri sana. Lakini hawezi kuwasaidia."

"Hawezi vipi, bibi mkaguzi? Akikatiwa miti atakula nini?"

"Atahamia mteremko wa pili. Sikiliza. Ufalme wake ni wa wanyama. Ngeli yake mamalia, kama mimi na wewe. Oda yake wagugunaji, familia yake ina jamaa kibao..."

"Ana ukoo mrefu kuliko wa padri," Lojz akachomekea, na wenzake wakacheka.

"Ana ukoo mrefu, na ana watoto wengi. Ndiyo shida yenyewe. Kwenye daftari la dunia amewekwa kundi la wasiotia wasiwasi. Na hapa nchini mnaruhusiwa kumwinda. Nitaandikaje kwamba yuko hatarini, na nyie mmevaa ngozi yake kichwani?"

Wanaume watano walivua kofia kwa pamoja, kama waliokutwa wamevaa kanisani. Bogdan hakuvua yake. Alikuwa amemweka polhi mbele ya mwanawe kama ngao, na ngao ilikuwa karatasi.

"Hakuna kingine?" akauliza. "Chochote?"

"Ndicho kinachonishangaza," Nives akasema. "Nilikuja na matumaini. Kwenye mibukva mizee yenye unyevu kama hii mara nyingi huota kitu kimoja. Watu wanakiona kama jani, lakini si mmea hata kidogo. Kimewekwa kwenye ufalme wa kuvu. Na hata huko hakikai peke yake. Kuvu amejenga nyumba, mwani yumo ndani anapika kwa mwanga wa jua, wanakula chungu kimoja. Ukimtoa mmoja, wote wawili kwisha. Kinaitwa pafu la mti, kwa sababu kina vibonde kama pafu lililopasuliwa. Hewa ikichafuka kinakufa, mti mzee ukikatwa kinakufa, na kukua kwake kwa mwaka ni kama ukucha. Hicho kipo kwenye orodha nyekundu. Kingekuwepo kipande kimoja tu, kilichoota chenyewe ndani ya mstari, ningeandika leo na mashine zisingepanda."

Akatoa simu, akawaonyesha picha.

Ulikuwa ule upele.

Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akatazama pale lilipokuwa jivu. Lojz alifungua kinywa, Bogdan akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Tunacho," Bogdan akasema. "Kipo. Sikumbuki ni mti gani. Tupe muda, binti, tukitafute."

"Nina mpaka mchana," akasema Nives. "Nitapima miti ya upande wa juu. Mkikiona msikiguse, niiteni."

Alipopotea kwenye ukungu wanaume wakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Walizunguka kila mti, wakatazama kila ufa, wakapanda ngazi. Hakuna. Walikuwa wamefanya kazi nzuri, na kila mmoja aliijua vizuri kazi ya mwenzake. Mzee mmoja wao alikuwa analia waziwazi akipapasa gome alilolisugua mwenyewe hadi likateleza. Majuto ni mjukuu, lakini huyu alikuja kabla hata ya mtoto.

"Ng'ambo ya mstari kipo," Lojz akasema akihema. "Kule bondeni. Mti mzima umejaa."

"Ng'ambo si ndani."

"Basi si tukilete ndani?"

Bogdan alimtazama. Siku nyingine angemwambia aache ujinga. Siku hiyo alishuka bondeni mbio kuliko umri wake, akabandua pande moja kubwa kama sahani, akarudi nalo kifuani ndani ya koti. Lojz akayeyusha utomvu wa msonobari kwa kiberiti, wakalibandika kwenye mbukva ulio katikati, wakapuliza, wakalikandamiza kwa viganja. Mfa maji haachi kutapatapa, na hawa walitapatapa kwa utomvu.

"Limekaa kama limezaliwa hapo," Lojz akasema.

"Lojz, mti wote ni mweupe. Hili limekaa kama kiraka cha suruali."

"Wewe omba Mungu, usikosoe."

Nives aliitwa. Alilitazama lile pande akiwa mbali, akalisogelea, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Alikaa pale muda mrefu sana. Kisha akapitisha ukucha ukingoni, na uzi wa utomvu ukavutika kati ya ukucha na mti, unang'aa.

"Nani kakibandika?" akauliza, wala hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mimi," akasema Bogdan.

"Mimi," akasema Lojz papo hapo.

"Ni mimi, binti. Huyu kashika kiberiti tu." Bogdan akavua kofia sasa, akaikunja mikononi. Na yale aliyoapa kutoyasema mbele ya watu yakamtoka yote: Jošt, maji, kofia ngumu, padri, karani, viazi. Alisema walivyosugua siku mbili kwa heshima yake yeye mkaguzi. "Vilikuwepo," akasema. "Vilikuwepo vingi. Tumevichoma. Tulidhani ni uchafu. Binti, naomba. Andika tu. Nani atajua? Mama yake atajitupa mle. Sikutanii, nakwambia atajitupa."

Alikuwa amepiga magoti na hakujua amepiga saa ngapi. Nives alimshika kiwiko ainuke.

"Kampuni ina mtaalamu wake," akasema. "Wiki ijayo atasimama hapahapa na ukucha kama wangu. Akiona utomvu, mtapoteza msitu huu, na misitu yote niliyokwisha iandikia itafunguliwa upya. Mzee, siwezi. Laiti ningeweza." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ule mti wa shimoni mmeusugua pia?"

"Huo ndio unaong'aa kuliko yote. Huo wa mke wangu."

"Pande zote?"

Bogdan akafikiri. Upande wa nje mti ule umening'inia juu ya shimo. Mkono wa Slavka haufiki, mkono wa mtu yeyote haufiki.

Hawakutembea kwenda huko, walikimbia. Nives alilala kifudifudi ukingoni, akachungulia kadiri alivyothubutu. "Sioni," akasema. "Kuna kitu cha kijani, lakini yaweza kuwa nyasi. Mtu anatakiwa kushuka kidogo aukabili kwa mbele. Mimi sijafunzwa kamba."

"Nishushe," Bogdan akamwambia Lojz.

"Una mgongo mbovu."

"Nishushe, Lojz, ama nitashuka bila wewe."

Walimfunga kamba kiunoni na mapajani, wakaizungusha kwenye mti wa nyuma, Lojz akashika, wenzake wawili wakashika nyuma ya Lojz. Nives akamvisha kamera shingoni. "Karibu, kisha kwa mbali, na mti wote uonekane," akamwambia. "Ionekane kwamba kimeota pale. Picha hiyo tu. Ikiwa nzuri naandika nikiwa nimesimama hapahapa."

Bogdan akashuka. Mwamba ulikuwa umeliwa chini ya ukingo, miguu yake ikakosa pa kukanyaga, akawa ananing'inia. Baridi ya shimo ilimpanda ndani ya suruali. Miaka yote hii hakuwahi kuthubutu kuwa karibu hivi na mwanawe, na akamwita jina, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akageuka akautazama mti.

Kilikuwepo.

Kilikuwepo kikubwa kama viganja viwili, kimelowa mvua, kijani cha kuuma macho, kina vibonde na mikunjo. Kimeshika gome kana kwamba dunia haijawahi kuwa na brashi. Bogdan alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Kipo!" akapiga kelele. "Binti, kipo! Kipo hai!" Akasikia juu wanaume wanashangilia, Lojz akitukana kwa furaha. Akaishika kamera, akaitafuta ile kijani kwenye kioo, akaipata, akaweka kidole kwenye kitufe.

Slavka ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenye njia ya kijijini. Alikuja kuwaita, chakula kiko tayari. Alichokiona ni wanaume wakiishikilia kamba inayoingia shimoni mwa mwanawe, na sauti ya mumewe inatoka ndani. Hakuuliza. Alipiga ukelele ambao Bogdan alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, akakimbia moja kwa moja kuelekea ukingoni, na matope ya mvua yakamchukua miguu.

Bogdan aliona sketi, kisha buti, kisha mkewe mzima akiteremka pembeni ya mti kama gunia. Alinasa. Alikuwa amekumbatia mzizi mmoja, nusu ya mwili iko ndani ya shimo, na mzizi ulikuwa unatoka ardhini polepole, unadondosha udongo. Lojz asingeweza kumfikia bila kuachia kamba. Nives alikuwa upande wa pili wa mti.

"Mama, usitikisike!"

"Baba," akasema Slavka, na sauti yake ikawa imetulia ghafla, kwa namna iliyomwogopesha Bogdan kuliko ule ukelele. "Wewe umeshakwenda kwake?"

"Niko hapa! Nitazame. Niko hapa!"

Alikuwa mbali naye kiasi cha mikono miwili. Angeweza kumfikia kwa kubembea, lakini anayening'inia habembei bila kujisukuma, na mbele yake hapakuwa na mwamba. Palikuwa na mti tu. Na mti ule kwa chini ulikuwa umeoza, kwa juu miguu haifiki, na pazima pa kukanyaga palikuwa mahali pamoja tu, penye ile kijani. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kitufe. Kubonyeza ni nukta moja. Watu wa Podstene mpaka leo wanabishana kuhusu ile nukta, wako wanaosema angeweza. Mimi sibishani nao, ila nawashangaa, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mzizi ukitoka ardhini na mkewe kaushikilia.

Bogdan aliiachia kamera, akakunja magoti, akaweka buti zote mbili juu ya pafu la mti, akajisukuma.

Mara ya kwanza hakumfikia. Alirudi, akapiga tena palepale, kwa nguvu zaidi, akasikia kitu chini ya soli kinachubuka kwa ulaini kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mara ya pili alimkumbatia kiunoni na mzizi ukang'oka. Wakaning'inia wawili kwenye kamba moja, na wanaume juu wakavuta huku wakilia kwa uzito. Walipotolewa walilala chini kwenye matope, Slavka kamng'ang'ania kola, anarudia neno moja tu, "Nilidhani, nilidhani."

Nives alilala tena ukingoni akachungulia. Kile cha kijani hakikuwepo tena. Aliporudi alimtazama Bogdan, na Bogdan akatikisa kichwa.

"Kamera?" akauliza kwa kunong'ona.

"Sikubonyeza."

"Lakini ulikiona."

"Nilikiona, binti. Kama ninavyokuona wewe."

Nives akafumba macho. "Na asubuhi hii ulinionyesha kingine," akasema, "ukaniambia nacho kimeota." Hakusema kwa kumsuta. Alisema kwa sababu ndiyo iliyokuwa hesabu, na wote wawili waliijua. Neno la Bogdan lingeweza kuandikwa kama ushahidi, laiti asingebandika lile pande kwa utomvu kwanza.

Slavka alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa na matope na damu kidogo kwenye shavu, akatazama mmoja mmoja: mumewe, msichana wa mjini, Lojz aliyegeuka akajifanya anakunja kamba. "Nilikusikia ukipiga kelele kwamba kipo," akasema. "Kabla sijateleza. Hicho ndicho wanachokitaka?"

Bogdan alifungua kinywa aseme kweli, akaona ule mkono uliomshika kola, kucha zimejaa udongo wa ukingoni, akakumbuka viazi.

"Ndicho, mama."

"Kimepatikana?"

"Kimepatikana."

"Kwa hiyo Jošt anabaki."

"Anabaki," akasema Bogdan, na hilo peke yake halikuwa uongo.

Slavka akalia, kilio cha mtu anayetua mzigo. Akatambaa akamshika Nives mikono yote miwili, akaibusu, akamwita mwanangu, akamwambia hatalala njaa huyu, hatatoka Podstene leo bila kula, na mjini huko wanawalisha nini mpaka amekonda hivi. Nives hakuitoa mikono yake. Alitaka kusema kitu, akamtazama Bogdan nyuma ya bega la Slavka, akakimeza.

Waliteremka wote kwa njia ya kijijini. Slavka alikwenda mbele amemshika mgeni mkono, anachechemea na anaongea, anaongea kufidia miaka yote aliyokaa kimya: juu ya Jošt alivyokuwa mbishi, alivyokuwa anaficha popo chumbani. Mara moja alicheka. Lojz aliposikia kile kicheko alisimama, akaegemea mti akawa kama anafunga kiatu.

Bogdan alikuja nyuma yao na kamera shingoni. Mashine zingepanda Jumatatu. Alitafuta maneno ya kumwambia mkewe kabla mashine hazijamwambia, akayatafuta njia nzima, na mpaka wanafika mlangoni na harufu ya chakula inawapokea hakuwa ameyapata.